Nani Huyu Mam Ncane?

Dada Rukia,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu, na yako mimi siwezi kuiuliza, naiombea tu. Kila Ijumaa nakusomea Yasini, na nikishafunga msahafu nakaa nasema na wewe kidogo kwa mdomo. Lakini kwa mdomo nimezoea kukupa habari njema peke yake. Nasra mzima. Mama mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Cherehani yako inafanya kazi. Basi, naamka. Leo nina habari ambayo si njema yote, na kwa mdomo itanishinda, kwa hiyo nimechukua daftari. Uniwie radhi kwa mwandiko. Unaujua.

Nianze na lile zito nisije nikalikimbia. Dada, nilitaka kumtoa mwanao shule.

Shule ile ile ya Kensington, huku Sauzi, uliyoipangia foleni na kifua chako kibovu, ukarudi nyumbani Yeoville umekumbatia karatasi ya nafasi kama mtu aliyetoka kujifungua. Uliniambia hospitalini, na mkono wako ulikuwa umenishika hapa kwenye kiwiko: "Zena, mtoto asitoke pale mpaka amalize. Hata iweje." Nikasema inshallah, dada. Na juzi juzi nikampigia Kaka Rajabu nikamwambia shule zikifungwa nitapanda basi na Nasra hadi Tanga, akakae na bibi yake. Kaka akafurahi sana. Sababu niliyompa ni baridi ya huku na ughali wa maisha. Uongo mtupu, Mwenyezi Mungu anisamehe. Sababu yenyewe ilikuwa wivu. Nilikuwa namwonea wivu mwalimu wake.

Najua ungecheka. Cheka, lakini nisikilize.

Mwaka huu Nasra ameingia darasa la tatu, mwalimu mpya. Siku ya kwanza alishuka kwenye kombi ya wanafunzi soksi moja juu moja chini, akaanza kusema hata hajafika mlangoni. Mimi nikasikia hivi: "Mama mdogo! Mama amesema vitabu vyote vivishwe karatasi ya kahawia!"

Mkasi ukanitoka mkononi. Nikamuuliza, mama yupi?

"Mama wa shule."

Nikamgusa paji la uso. Nikadhani mtoto amekuota mchana. Mama Furaha, yule Mkongo mwenye saluni ambaye wewe ulimwomba kona ya kuweka cherehani na mimi nimeirithi, alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Akacheka mpaka kitana kikaanguka. "Weye Zena! Hasemi mama. Anasema Mam. Huku bamwalimu bote banamuke banaitwaka Mam. Ata ule wa mtoto yangu."

Nikacheka na mimi, lakini nusu. Kwa sababu neno lilikwishaingia mahali. Wewe ndiye Mama, hilo sikuligusa tangu siku tuliyokuzika. Mimi ni Mama mdogo, na ndivyo ilivyo, sikuomba zaidi. Lakini anatokea mgeni, hajamwogesha, hajamkesha na homa, anapewa jina lililopungukiwa na herufi moja tu kuwa mama. Dada, iliniuma.

Na tangu siku ile nyumba yetu inaendeshwa na Mam. Jumatatu Nasra anarudi na maneno kumi ya Kiingereza yamebandikwa kwenye daftari, na kila jioni lazima ayasome mbele yangu nami nitie sahihi, mpaka Ijumaa afanyiwe jaribio. Mimi! Wewe unanijua nimesoma mpaka la saba na Kiingereza kilikuwa kinanipita kama upepo. Wiki moja lilikuja neno la kisu. Nikalisoma lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kama ulivyonifundisha wewe: ki-ni-fe. Nasra akagaagaa sakafuni. "Eish, Mama mdogo! Hiyo K inanyamaza!" Nikamuuliza, sasa kama inanyamaza imewekwa ya nini, si ikae kwao? Akafikiri. Kisha akasema, "Nitamuuliza Mam."

Kila kitu atamuuliza Mam. Mam amesema tupige mswaki mpaka wimbo uishe. Mam amesema yai asubuhi linasaidia hesabu. Mam aliwapa kila mmoja punje ya haragwe na pamba, na kikombe changu cha buluu, kile cha Tanga, kikaenda shuleni kuotesha haragwe la Mam. Alhamisi moja nikamwambia saba mara nane ni hamsini na sita, kwa sababu hesabu yangu unaijua, haina shida. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Ngoja nikahakikishe kesho." Ilikuwa hamsini na sita, dada! Kesho yake akarudi ananipongeza: "Mama mdogo, Mam amesema uko sahihi."

Na wewe usijione umepona. Wewe pia nakuonea wivu, na wako ni wa siku nyingi kuliko wa Mam. Nasra akisoma anatoa ncha ya ulimi pembeni, kushoto, kama wewe. Anaandika S yako, yenye tumbo. Nimemlisha mwaka na nusu lakini ulimi hauendi kulia, ninakotoa mimi.

Unakumbuka tulipokuwa tunacheza shule nyuma ya jiko la Mama, umeandika kwa mkaa kwenye mlango, ba be bi bo bu, na mwiko mkononi? Kila siku wewe mwalimu, mimi mwanafunzi. Siku moja nikasema leo zamu yangu. Ukaniambia, "Mwalimu hawezi kuwa mdogo kuliko mwanafunzi." Ukanigonga na mwiko. Nikalia, siyo kwa mwiko. Nilipiga hesabu nikaona nitakuwa mdogo wako siku zote, kwa hiyo zamu yangu haiji. Na kweli, wewe ukaenda sekondari, ukaja Sauzi, ukapata mtoto. Mimi Mwenyezi Mungu hakunijalia, na yule bwana akaniacha kwa sababu hiyo, nikabaki kwa Mama nashona foronya. Alhamdulillahi kwa kila hali. Lakini nilipokuja huku kukuuguza, na ulipofumba macho, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nililia kwa uchungu, wallahi ulikuwa uchungu. Na ndani ya uchungu ule kulikuwa na sauti ndogo sana inasema: Zena, sasa zamu yako. Astaghfirullah. Nilitubu palepale. Naamini huko uliko unaijua tayari, ila nimeona niikubali kwa mkono wangu.

Basi, turudi kwenye habari.

Kila Jumatatu asubuhi, wanaliita News, watoto wanaandika walichofanya mwisho wa wiki, na chini wanachora. Daftari hilo halitoki shuleni. Mwezi uliopita likaja nyumbani ili mzazi aone na kutia sahihi. Ilikuwa Jumamosi, Nasra yuko chuoni anasoma Kurani. Nikamimina chai, nikavaa miwani, nikafungua. Nilikuwa na furaha, dada. Nilisema leo nitajiona.

Kiingereza chake ni chepesi, nikajikongoja nikaelewa. Nakuandikia nilivyoelewa.

Jumamosi Mamncane alinisuka mistari sita na haikuuma.

Nikarudia. Ma-m-nca-ne. Nikalikata lile neno kama ninavyokata kitambaa, hapa Mam, hapa Ncane. Nikasema, ahaa. Mam ndiye mwalimu, na Ncane ndilo jina lake. Maana jina la yule mwalimu sikuwa nalijua. Mtoto hamtaji ila Mam, sahihi yake ni mkwaruzo, na kwenye mkutano wa wazazi alikwenda Mama Furaha kwa niaba yangu kwa sababu ya lugha.

Mistari sita niliisuka mimi. Vidole vyangu hivi.

Nikafungua ukurasa wa pili. Jumapili Mamncane alipika chapati, moja ikaungua, akaila yeye. Nani aliyekula ile iliyoungua? Ukurasa wa tatu: Mamncane huimba akishona. Wa nne: tulipokuwa tunavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, Mamncane alinishika mkono kwa nguvu sana. Kurasa zote, wiki baada ya wiki, kazi zangu zote amepewa Mam Ncane. Mimi nimo wapi? Simo. Nilitafuta Mama mdogo kuanzia jalada mpaka jalada, sikuiona hata mara moja.

Halafu nikafika kwenye wiki ya Idi. Mamncane alinishonea gauni kwa kitambaa cha Mama.

Dada. Ile doti yako ya zambarau. Nilikaa nayo siku tatu kabla ya kutia mkasi. Nilitawadha kwanza. Nilikata naomba radhi kwa kila upande, nikamwambia Nasra hiki ni cha mama yako, uvae umkumbuke. Na hicho nacho akampa mwalimu.

Na chini ya kila ukurasa, kalamu nyekundu, nyota, uso unaocheka, na maneno: Vizuri sana! Nikasema, tazama mwanamke huyu asivyo na haya, anajipongeza mwenyewe.

Nikatia sahihi. Nilitia kwa nguvu karatasi ikatoboka. Nasra aliporudi chuoni sikumwambia kitu, na hilo ndilo kosa langu kubwa, maana ningeuliza neno moja tu yangeisha. Lakini wivu haupendi kuuliza, unapenda kukaa na kuhesabu.

Jumapili alikuja kama kawaida na kitana na mafuta, akajiweka katikati ya magoti yangu. Nikamwambia, "Nenda ukasukwe na huyo anayekusuka."

"Nani?"

"Unamjua."

Akakaa kidogo, ananisubiri nicheke. Sikucheka. Akaondoka na kitana chake. Jumatatu mtoto wako alikwenda shule nywele zimefungwa kwa raba kama mzigo wa mchicha, na mimi nilimwona kutoka dirishani nikaacha. Jumanne nilikuwa nashona, kichwa chini, nikahisi mikono inanizunguka kwa nyuma. Alinikumbatia tu, shavu lake mgongoni kwangu. Dada, nikamwambia, "Toka, utanifanya nijichome sindano." Nilidhani anajipendekeza apate kitu. Akatoka. Mama Furaha alikuwa anatazama kwenye kioo chake. Akaniambia, "Unakuwa na roho ngumu leo, mama."

Likumbuke hilo la Jumanne, nitalirudia.

Jumatano ndipo nikampigia kaka. Mama Furaha alisikia yote, na mteja alipoondoka akazima kikaushio na kunigeukia. "Rukia alikaa kwa hii kiti, akaniambia shule, shule, shule. Sasa weye unamutosha mutoto juu ya nini?" Nikamwambia baridi. Akasema, "Baridi iko kwa roho yako."

Ijumaa nikaomba ruhusa kwa wateja, nikavaa baibui langu zuri na mtandio wako ule wa kijivu, nao pia ulikuwa wa wivu, nilitaka huyo mwalimu aone kwamba mtoto ana watu. Nikapanda teksi hadi Kensington. Ofisini nikasema kwa Kiingereza changu nataka barua ya uhamisho. Yule mama wa ofisini akasema kwanza nimwone mwalimu wa darasa, akanionyesha mlango.

Nikagonga. Ukafunguliwa. Watoto karibu arobaini wakasimama kwa pamoja viti vikalia, wakaniimbia salamu ya Kiingereza, ndefu, kwa kuvuta, na mwisho wake wakasema: Mam!

Wameniita mimi Mam. Mimi, Zena. Nilitazama nyuma yangu kuona nani ameingia.

Sijui kama uliwahi kuliona darasa lile. Kuna kamba imepita juu, imeanikwa maneno kama nguo. Dirishani vikombe vya haragwe, na cha buluu changu, na haragwe lake ndilo refu kuliko yote, nikaona fahari ya kijinga. Nasra alikuwa ubaoni, anafuta, ilikuwa zamu yake wiki ile. Aliponiona hakukimbia kuja. Alisimama na dasta mkononi, ananisoma uso.

Na Mam mwenyewe, dada, nilikuwa nimemfanya jitu. Kumbe kisichana. Mwembamba, miguu kama ya kuku, miwani imefungwa kwa utepe. Nami fundi, nikampima kwa macho haraka haraka nikamtafutia kasoro, nikaipata: sketi yake pindo limefumuka nyuma, uzi unaning'inia. Moyo ukapoa kidogo. Akaja kwangu mikono yote miwili mbele akanisalimu kwa Kizulu, "Sawubona, Mama."

Mama. Huyo sikutarajia kabisa aniite hivyo.

Kengele ikalia, watoto wakamwagika nje, tukabaki watatu. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha kwa ugomvi nilioubeba, kwa hiyo nikamgeukia Nasra nikamwambia atafsiri. "Mwambie mwalimu wako: tangu lini amekusuka nywele?"

Nasra akaweka dasta chini. "Mama mdogo, siwezi kumwambia hivyo."

"Mwambie. Na muulize gauni la Idi alishona yeye? Si yeye ndiye Mam Ncane?"

Mwalimu hakuelewa kitu ila neno lile la mwisho. Akalidaka. "Mamncane?" Akatabasamu uso wote. Akanionyesha mimi kwa mkono wazi, kwa adabu, kama unavyomkaribisha mtu kiti. "Yebo! Mamncane!" Yaani ndiyo.

Nikasema siyo mimi, ni wewe. Akasema kwa kichwa hapana, ni wewe. Mimi wewe, yeye wewe, kama wanaosukumiana kulipa nauli. Mpaka Nasra akanishika baibui, akanivuta hadi ukutani. Kuna bango la somo la Kizulu, familia nzima imechorwa na kila mtu jina lake chini. Bibi ni ugogo. Mama ni umama, sawa na sisi. Na pembeni ya huyo mama, bega kwa bega, amechorwa mwanamke mwingine, mfupi kidogo, amefunga kitambaa kichwani. Chini yake: umamncane.

Mwalimu akaweka kidole kwenye neno, akafunika mwisho wake. "Mama." Akafunua. Akakaribianisha kidole gumba na cha shahada, kama anashika punje. "Ncane."

"Ndogo," akasema Nasra. "Mama. Mdogo. Ni wewe, Mama mdogo. Nimekuandika wewe tu."

Dada Rukia, kulikuwa na kiti cha mtoto hapo, nikakikalia, magoti yakafika kidevuni.

Basi yule msichana, ambaye jina lake kumbe ni Mam Nkosi, akanisimulia na Nasra akawa anatafsiri mambo yake mwenyewe kwa aibu, ananong'ona. Siku ya kwanza waliandika wanaoishi nao nyumbani. Nasra akauliza Mama mdogo inaandikwaje kwa Kiingereza. Mwalimu akamwambia andika anti. Nasra akakataa. Akalia. Akasema anti ni kila mtu, mwenye kiduka cha spaza ni anti, anayeuza mahindi pale kona ni anti, dereva wa kombi ana dada yake naye ni anti. Huyu si anti. Huyu ni mama yangu, ila ni mdogo. Mwalimu akamwambia, lakini neno hilo sisi tunalo! Akampeleka kwenye bango. Tangu siku ile hataki kuandika kwa jina lingine.

Kisha akatoa daftari, akafungua ukurasa wa Jumatatu ile, ambao mimi sikuwa nimeuona.

Mamncane hakunisuka. Haimbi. Sijui nimefanya nini.

Picha ilikuwa cherehani peke yake, kiti kitupu. Na chini, kwa kalamu nyekundu, hakukuwa na nyota wala uso unaocheka. Ameandika neno moja, na Nasra akalitafsiri haraka anatazama chini. Mkumbatie.

Hiyo ndiyo Jumanne. Yule niliyekuwa namchukia alinitumia mwanangu mikononi, nami nikamwambia toka, utanifanya nijichome sindano.

Nililia pale mbele za watu, dada, nikafuta kwa mtandio wako. Mwalimu akasogea dirishani akajifanya anamwagilia maharagwe. Nikamwita Nasra nikamweka katikati ya magoti kwenye kile kiti kidogo, nikafungua ile raba kichwani, na kwa kuwa sikuwa na kitana nikatumia vidole. Nilimwambia hujafanya kitu. Nilimwambia mama mdogo wako hajui kusoma vizuri. Akasema, "Unajua, ila unakata maneno."

Mwalimu aliporudi akauliza, Mama, ulikuja kwa shida gani? Nasra akanitazama. Na mimi barua ya uhamisho nikaimeza kama dawa chungu. Nikasema, "Mwambie nimekuja kwa ajili ya sketi yake. Pindo limefumuka, Jumatatu akupe uniletee." Akajigeuza kutazama nyuma yake, akaona ule uzi, tukacheka watatu. Ameleta. Nimeishona kwa mkono, mishono midogo ile uliyokuwa unaisifu, na nimemwongezea mfuko.

Kaka Rajabu nimempigia, amefoka. Amesema mimi kigeugeu. Ni kweli. Mama alikuwa amekwisha kutandika kitanda, na hilo linaniuma, nitakwenda na Nasra likizo ya Desemba inshallah wakaonane, kisha tutarudi. Mama Furaha sikumweleza kwa kirefu. Alisikia naimba kwenye cherehani, akaongeza sauti ya kikaushio, akasema, "Asante Yezu," nami nikamjibu alhamdulillahi, kila mtu kwa njia yake.

Unisamehe, dada. Kwa wasia wako nilioukaribia kuuvunja, na kwa ile sauti ndogo ya siku uliyofumba macho. Sitakudanganya kwamba wivu umeisha wote. Jana Nasra alisema Mam ni mzuri kuliko walimu wote duniani, na sindano nikaisukuma kwa nguvu zaidi. Na wewe je? Kwenye lile bango wewe ndiwe umetangulia, na neno lako halina nyongeza. Nilikaa nikalitazama hilo pia. Lakini niliona vilevile kwamba huyo mfupi wa pembeni hawezi kusomeka bila wewe, jina lake linaanza na lako. Nimeona nikae hapo. Mahali penyewe si pabaya.

Jumamosi tunacheza shule. Nasra mwalimu, mimi mwanafunzi, na mwiko anao. Nimemwambia leo zamu yangu. Amesema haiwezekani, sijui K inanyamaza wapi. Kwa hiyo, dada yangu, mpaka leo zamu yangu haijafika.

Nakuahidi haya na Mwenyezi Mungu ni shahidi: mtoto atamaliza pale pale. Maneno kumi ya kila wiki nitayasoma naye hata kama nitachekwa. Nikihisi kitu rohoni nitauliza kabla ya kununa. Na jina lako nitakuwa wa kwanza kulitaja humu ndani, asubuhi, kabla hajatoka. Lala, Rukia. Mola akuwekee nuru huko uliko na akupanulie, na siku tutakapoonana unipokee bila mwiko.

Nasra amekuja kusimama begani kwangu sasa hivi. Ameuliza, "Unaandika News?" Nimesema ndiyo. "Ya nani?" Nimesema ya Mama. Hakushangaa. Amesema, "Basi andika jina lako chini. Mam hapokei isiyo na jina." Na amesimama palepale kunichunga, amenionya ni neno moja, nisilikate.

Mdogo wako,
Mamncane